Juu ya nini mipira mitano ingali depo
Maneno ya timu ya tereni mbele ya mkutano wa wanachama na wafadhili, Bunia



Tuliombwa tuongee dakika chache juu ya mipira mitano ya jipu. Tunajua kuko wanaojiuliza namna gani watu wataacha mambo ya mbegu, ya mabati na ya shule za watoto, wakae kusikiliza habari ya mipira. Lakini swali lilitoka kwenu wenyewe. Wamama waliuliza: "Mipira mipya ilifika, tuliiona kwa macho ikishushwa. Sasa juu ya nini jipu ingali inatembea na ile ya zamani iliyokwisha meno? Na juu ya nini familia zilizofunga mizigo zinaambiwa zingoje tena?" Ni swali la haki. Na nyuma ya swali hilo kulikuwa neno lingine ambalo watu wanalisema kando: kwamba mipira imeuzwa.

Haijauzwa. Iko depo, yote mitano. Namba za kila mmoja ziliandikwa ndani ya daftari siku ile ilipofika, na sahihi tatu chini yake. Anayetaka kwenda kuihesabu aombe ufunguo leo hii, hatutakasirika. Lakini kuhesabu mipira ni nusu ya jibu tu. Nusu ya pili ni hii: mipira ile ni mizuri, ila chini ya jipu yetu haina nafasi ya kuzunguka. Tunataka kuwaonyesha tulijuaje, halafu tuwaombe mkate shauri.

Jipu yetu na kazi yake

Jipu ya chama mnaijua: Land Cruiser, ile inayoitwa hard top, mashini ya dizeli. Mbele iko na resoro za kuzunguka, nyuma iko na lame. Ilitoka kiwandani na janti za chuma za inchi 16, upana wa janti inchi 5 na nusu, na mipira ya 7.50R16. Mipira hiyo ni mirefu na myembamba. Mkisimama kando ya barabara pale mjini, jipu nyingi za mashirika na za hospitali zinazopita ziko na mipira ya namna hiyo.

Kazi yake mnaijua pia. Tangu vita viliporudi Djugu mwezi wa Desemba 2017, watu wametoka vijijini kwa makumi elfu, wakakaa kwa ndugu na kwa kambi kama Kigonze. Usalama ukitulia mahali, familia zinataka kurudi kulima kabla msimu haujapita. Hapo ndipo jipu inaingia: inabeba jembe, mbegu, mabati, sufuria, wazee wasioweza kupanda moto, na wakati mwingine mgonjwa anayerudishwa Bunia usiku. Inapanda barabara ya taifa namba 27 upande wa Iga Barrière na kuendelea mbele. Inakwenda Komanda, pale inapokutana na barabara namba 4. Inatelemka Bogoro mpaka Kasenyi kando ya Ziwa Albert, na kutoka Bunia mpaka ziwani ni kushuka zaidi ya mita 500. Kwa hiyo tukisema "mpira unagusa", tunasema juu ya gari iliyojaa watu na mizigo, kwenye mteremko, ndani ya mvua.

Namna ya kusoma namba za mpira

Mipira tuliyopewa imeandikwa ubavuni 285/75R16. Tuzisome pamoja, juu hesabu hii kila mwanachama anaweza kuifanya kwa simu yake.

285 ni upana wa mpira kwa milimita. 75 ni urefu wa ubavu, kwa asilimia ya ule upana: 75 kwa 100 ya 285 inatoa karibu milimita 214. 16 ni kipimo cha janti kwa inchi, yaani milimita 406. Kupata kimo cha mpira mzima, chukua ubavu mara mbili, juu uko juu na uko chini, ongeza janti: 214 na 214 na 406, inakuwa 834.

Mpira wetu wa zamani, 7.50R16, una kimo cha karibu milimita 806 na upana wa karibu 215. Sasa linganisheni. Kwa kimo, mpira mpya unazidi milimita 28. Nusu yake, 14, inakwenda juu kutafuta bodi. Hiyo si nyingi. Kwa upana unazidi milimita 70. Na hapa ndipo watu wengi wanadanganyika. Mtu anaona mpira mpana, anafikiri upana wote unatoka nje, unaonekana, gari inapendeza. Hapana. Kama katikati ya gurudumu inabaki palepale, nusu ya ule upana inatoka nje na nusu inaingia ndani. Milimita 35 zinaingia upande wa lame, upande wa amortisa, upande wa vile vyuma vinavyoshika ekseli, upande wa kibomba laini kinachopeleka mafuta ya freni. Kule ndani hakuna mtu anayetazama.

Jambo la pili ni janti. Mpira wa 285 unataka janti ya upana wa inchi 7 na nusu mpaka 9. Yetu ni ya 5 na nusu. Kwado mwenye mikono hodari anaweza kuulazimisha uingie, tumewahi kuona gari zimefanyiwa hivyo. Lakini mpira uliobanwa kwa janti nyembamba unavimba katikati, unakula meno yake ya katikati haraka, na kwenye kona ubavu unalegea. Kwa gari inayobeba watu, hilo hatulikubali. Kwa hiyo kufunga mipira hii maana yake ni kununua janti tano pia.

Jaribio tulilofanya

Karatasi inasema kitu, gari inaonyesha kitu. Tuliazima janti mbili pana kwa garaji moja ya mjini, fundi akapandisha mipira miwili, tukafunga mmoja mbele na mmoja nyuma, upande uleule. Tunawaeleza jaribio hili hatua kwa hatua, juu linafaa kwa gari yoyote, iwe jipu, iwe taksi, iwe kamyoneti ya soko.

Kwanza, gari ikiwa tupu, imesimama, volani imenyooka. Mipira ilizunguka vizuri kabisa. Shofere mmoja alipiga makofi. Na tungeishia hapo, jipu ingetoka garaji siku ileile. Wengi wanaishia hapo.

Pili, tulipaka chaki nyeupe mabega yote mawili ya mpira, la nje na la ndani. Chaki ni shahidi mzuri: ukigusa chuma, inafutika kwa mpira na inabaki kwa chuma. Shofere akazungusha volani mpaka mwisho kulia, akatembea polepole mbele, halafu nyuma. Kisha mpaka mwisho kushoto, mbele na nyuma tena. Kurudi nyuma ni lazima, sababu gari ikirudi nyuma ekseli inasogea kidogo kuliko ikienda mbele, na mpira uliopita salama mbele unaweza kugusa nyuma. Tulipolala chini kutazama, chaki ilikuwa kwa ule mkono wa chuma unaoshika ekseli ya mbele. Ilikuwa pia kwa baveti, lakini baveti ni kitu kidogo, inakatwa ao inasogezwa.

Tatu, mzigo. Hapa wamama wa soko walitusaidia: walitukopesha mifuko ya maharage, tukaijaza jipu kama siku ya safari, watu wakapanda pia. Gari ikakaa chini. Lame zilinyooka, na nafasi kati ya mpira wa nyuma na upinde wa bodi ikapungua sana.

Nne, barabara zetu hazina usawa. Tulipandisha gurudumu la mbele la upande mmoja juu ya kilima cha udongo, na la nyuma la upande wa pili juu ya kilima kingine, ili gari ijipinde kama inavyojipinda ndani ya mashimo. Pale mpira wa nyuma uligusa ukingo wa bodi kabla ule mpira mdogo wa kuzuia, unaokaa juu ya ekseli, haujafika kwa chasi. Hili ni neno la kushika: kile kizuizi kiliwekwa na kiwanda ili gari ikipiga shimo kubwa, kipokee pigo. Kama mpira wa gurudumu unafika kwa bodi kabla yake, basi mpira ndio unapokea pigo, na ukingo wa bati unakuwa kisu.

Tano, tulipima nafasi kati ya mpira wa mbele na kile kibomba cha freni, volani ikiwa imekatwa mpaka mwisho. Hakukuwa chaki juu yake. Ulikuwa haujagusa. Lakini kidole kimoja hakikupita. Siku ya jua, nafasi ndogo namna hiyo inatosha. Siku ya mvua, ule udongo wetu mwekundu unashika mpira kama unga wa mihogo unavyoshika mwiko, na ndani yake kuko mawe madogo. Udongo unajaza nafasi, jiwe linasugua kibomba kila gurudumu linapozunguka. Hakitakatika siku ya kwanza. Kitakatika siku ambayo shofere anakanyaga freni kwa nguvu, na hiyo mara nyingi ni kwenye mteremko.

Ndiyo sababu tulifungua mipira ile, tukairudisha depo, tukarudishia janti wenyewe.

Kanuni tunayoiacha hapa ni hii: nafasi ya mpira inapimwa gari ikiwa imejaa, volani imekatwa mpaka mwisho, na gurudumu moja liko juu. Na baada ya hapo, kule ndani vipite vidole viwili, kwa ajili ya udongo.

Dawa zinazopendekezwa na bei yake

Mafundi na vijana wengi walitupa mashauri, na tunawashukuru. Tuyapitie moja moja, juu hakuna lililo la bure.

Kuko wanaosema: punguza kukata kwa volani. Ni kweli, mbele kuko bulo za kuzuia, ukizirefusha kidogo gurudumu halikati mpaka mwisho, na mpira haugusi tena ule mkono. Ni dawa ya kweli na ya bei ndogo. Lakini jipu itahitaji nafasi kubwa zaidi kugeuka. Kwenye njia ya kijiji, mtaro huku na shamba la mtu kule, kugeuka mara moja ama kugeuka mara nne si kitu kimoja, hasa kama kuko sababu ya kutoka mahali haraka.

Wengine wanasema: weka vile vipande vya chuma kati ya kitovu na janti, vinavyosukuma gurudumu nje. Vinaondoa mpira kwa lame na kwa kibomba cha freni, ni sawa. Lakini vinausogeza kwa upinde wa bodi, pale ambapo ulikuwa tayari unagusa gari ikijaa. Tena uzito wote unavuta kwa mbali zaidi, beringi na bulo zinachoka mapema, na mpira unarusha matope na mawe kwa milango na kwa watu wanaopita. Janti yenye umbo la kutoka nje zaidi inafanya kazi ileile bila kipande cha kuongeza, ni afadhali, ila shida ya upinde wa bodi inabaki.

Wengine: inua gari. Weka resoro ndefu mbele na lame ngumu nyuma. Hiyo inasaidia juu, kwa bodi. Lakini haisaidii kule ndani volani ikikatwa, sababu ule mkono na ekseli vinabaki palepale mmoja kwa mwingine, gari iwe juu iwe chini. Na gari iliyoinuliwa, yenye mabati na vitanda juu ya kapo, inapinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona.

Na wengine: kata bodi, kunja ukingo kwa ndani. Kule Ulaya wapenzi wa gari za mbio wanafanya hivyo sana: wanakunja ule ukingo wa bati, wanainamisha magurudumu kidogo juu yaingie ndani, ili mipira mipana iingie chini ya gari ndogo ya chini. Kwa gari ya mtu mmoja kwenye lami, ni furaha yake. Gari ya chama itauzwa siku moja ao itapewa wengine. Bodi iliyokatwa inaingiza kutu, na bei inaanguka.

Ukijumlisha janti tano, kazi ya garaji na vyuma vya kuongeza, unapita bei ya kununua mipira mipya yenye kipimo chetu. Hapo zawadi inaanza kutudai pesa.

Je, tunahitaji mpira mpana kweli?

Tuliulizwa pia: lakini mpira mpana si ndio unaopita kwenye matope? Jibu ni kwamba inategemea chini ya matope kuko nini.

Mpira mpana unasambaza uzito. Kwenye mchanga, kama kule karibu na ziwa, hiyo ni faida: gari inaelea kidogo, haizami. Kwenye tope lisilo na mwisho, vilevile. Lakini barabara zetu nyingi za juu ziko na tope linaloteleza juu ya udongo mgumu. Pale mpira mwembamba unakata lile tope, unafika chini kwenye ugumu, unashika. Mpira mpana unabaki juu, unateleza kama kiatu cha soli bapa. Wanaoshindana kwa gari kwenye theluji ya Sweden wanafunga mipira myembamba yenye misumari, kwa sababu hiyohiyo: wakate theluji, wafike kwenye barafu ngumu. Na wazee wetu watakumbuka Safari Rally ya Kenya: mwaka 1978 iliyoshinda ilikuwa Peugeot 504 kupe, na Porsche 911, gari ya mbio ya watu wa lami, ilipokuja kujaribu ilibidi iinuliwe juu ili ipite. Barabara ndiyo inayochagua mpira.

Kuko pia kitu cha bure ambacho washofere wanakijua lakini wanakisahau: upepo. Ukipunguza upepo kidogo kwenye mchanga ao kwenye tope, mpira uleule unalala, unakuwa na unyayo mrefu zaidi, unashika vizuri. Masharti ni mawili: uende polepole, na urudishe upepo kabla ya barabara ngumu, juu mpira wenye upepo kidogo na mzigo mwingi unapata moto ubavuni, unapasuka. Pampu ndogo ndani ya jipu itatutoa mahali pengi kuliko mipira mipana.

Na mtu asisahau mita ya mwendo. Mpira mrefu zaidi unaidanganya: na mipira hii, mita ikionyesha 60, gari inakwenda karibu 62. Si nyingi, lakini shofere ajue.

Neno kwa wafadhili

Ndugu wafadhili, hatusemi haya kwa kukataa mkono wenu. Aliyetuma mipira hii alijua shida yetu, aliona picha ya jipu imezama matopeni, akatoa kilicho bora alichokuwa nacho. Tunamheshimu. Tunaomba tu, mara nyingine, kabla kitu hakijapanda meli, tuulizane mambo matatu.

La kwanza: kipimo kilichoandikwa kwa mpira unaofanya kazi sasa, na upana wa janti. Picha mbili za simu zinatosha. Kwa jipu kama yetu, 7.50R16 ndio mpira wake. Kuko pia 235/85R16, wenye kimo karibu sawa, milimita 806, na upana wa 235 tu. Huo unataka janti ya inchi 6 mpaka 7 na nusu, kwa hiyo nao si wa kupandishwa kwa janti zetu bila kufikiri.

La pili: uzito. Ubavuni kuko namba ya mzigo. 112 maana yake mpira mmoja unabeba kilo 1,120. 120 ni kilo 1,400. 122 ni kilo 1,500. Mpira wa gari ndogo ya mjini unaweza kuingia kwa janti na bado usistahili mzigo wetu.

La tatu: umri. Mwisho wa yale maandishi yanayoanza na herufi DOT kuko namba nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira uliokaa miaka mingi depo unaonekana mpya, meno yote yapo, lakini unakauka ndani na kupasuka ubavuni. Hili linawahusu pia wanachama wanaonunua mipira ya mitumba: kabla ya kutazama meno, soma ile namba.

Neno kwa wamotari

Vijana wetu wa moto nao wanapenda mpira mpana nyuma. Moto nyingi za taksi hapa zinatoka na 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Ukiweka mpana zaidi, tazama mahali patatu: kwa mnyororo na kile kifuniko chake, kwa mikono miwili ya chuma inayoshika gurudumu la nyuma, na juu kwa gadabu ukiwa na abiria wawili na mfuko wa makala. Jueni pia kwamba mnyororo unaporefuka mnavuta gurudumu nyuma, na nafasi inabadilika. Uliyoipima mwezi wa kwanza si ile ya mwezi wa tatu. Pakeni chaki, pandeni watu wazito wawili, mtazame. Chaki moja haina bei kama mguu wa abiria.

Tunachowaomba mkate shauri

Tunaleta mapendekezo matatu.

Moja: mipira mitano ya 285 isifungwe kwa jipu ya chama. Tuibadilishane na shirika ao mtu mwenye gari iliyo tayari na janti pana, na tupate mipira ya 7.50R16 yenye meno ya tope. Mabadilishano yafanyike mbele ya wajumbe watatu mtakaowachagua leo, mmoja wao awe mama wa soko, na mfadhili aliyetuma akubali kwanza kwa maandishi. Namba za mipira inayotoka na inayoingia zitaandikwa ndani ya daftari, na ukurasa huo utatolewa kwa gazeti ijayo, kila mtu ausome.

Mbili: mpaka hapo, jipu isiende upande wa Kasenyi wala njia za mbali na mipira iliyo nayo leo. Tunajua hili linaumiza. Kuko familia zilizokwisha kuaga majirani na ambazo mbegu zao zinangoja. Kwa hao tunaomba kibali cha kukodi kamyoneti kwa safari mbili, pesa zitoke kwa sanduku la usafiri. Ni gharama, lakini msimu hautungoji.

Tatu: tununue pampu ya upepo na kipimo chake, vikae ndani ya jipu, na shofere aandike upepo kwa daftari asubuhi ya kila safari.

Wamama mlioleta swali hili, tunawashukuru. Swali lililoulizwa mbele ya watu linajibiwa mbele ya watu. Wakati mtu anarudi kwake baada ya miaka, na mtoto mgongoni na kuku ndani ya kikapu, hapaswi kufikiria mipira. Anapaswa kufikiria paa na shamba. Kufikiria mipira ni kazi yetu.

Ufunguo wa depo uko mezani mbele ya mwandishi wa chama. Sasa tuko tayari kwa maswali yenu, halafu kura.